Vazi la Shosho

Juzi mjini niliona vazi la ngozi ya mbuzi lililoshonwa shanga ndani ya kabati la kioo, nikahisi harufu ya moshi.

Nilikuwa mdogo, kwetu Dagoretti. Mama, ambaye alikuwa ameokoka majuzi tu, aliwasha moto nyuma ya nyumba. Harufu ya mbuzi ikanifikia jikoni, nikajua leo ni nyama choma. Nilikimbia nje na sahani na chumvi.

Nyanya yangu, Shosho, alikuwa ameketi kando ya moto, akisikiliza shanga zikipasuka.

"Mambo ya shetani yaishe kwa hii boma," Mama alisema.

Nilimuuliza Shosho nyama itaiva saa ngapi.

"Hiyo si nyama, mjukuu. Ni nguo niliolewa nayo. Nilikuwa nimekuwekea wewe."

Mate yalikuwa bado yamenijaa mdomoni.