Sauti Ndani ya Ndege ya Mafuta

Siku yangu ya mwanzo kupanda ndege ya mafuta, Mkuu wa Kikosi alinisindikiza mpaka ngazini. Ilikuwa miaka ya tisini, na mimi nilishazoea kazi ya mnara, kuongoza ndege kwa redio nikiwa kwenye kiti kisichotikisika. Wageni waliokuwa wakitumia uwanja wetu hapa Maskati walikubali kuwafundisha marubani wetu kujaza mafuta angani, kwa sharti kwamba kila safari awemo Mwomani mmoja wa kusikiliza redio na kufasiri panapohitajika.

"Usijione abiria," Mkuu alinambia kwa Kiarabu. "Kijana wetu akikwama huko juu, wewe ndiye jamaa yake."

Nyinyi vijana mnaona kwenye filamu mkadhani ni jambo jepesi. Ndege ya mafuta ni kubwa kama ya abiria, lakini ndani viti ni vichache. Kilobaki ni matangi. Huruka mwendo mmoja bila kuyumba, na nyuma yake huteremsha bomba refu la mpira lenye kikapu cha chuma mwishoni. Ndege ya kivita huja taratibu kwa nyuma, na mrija wake uliotokeza karibu na pua hutakiwa uingie katikati ya kikapu. Ukiingia hujifunga, mafuta yakapita. Tabu ni kwamba kikapu hakitulii, upepo unakichezesha. Rubani akikikodolea macho huanza kukifukuza, na akikifukuza kinamkimbia. Hutakiwa atazame alama zilizopakwa chini ya bawa letu.

Niliruka na makapteni wengi wa hao wageni. Wako waliokuwa hawanisemeshi mpaka tutue. Ninayemkumbuka zaidi ni mmoja mwenye mvi, mpole, aliyeizoea karaki, chai yetu ya maziwa, mpaka akawa hapandi ndege bila chupa yake.

Yeye ndiye aliyekuwa akirusha siku aliyokuja kujaza Nasir, luteni wa ndege ya kivita, kijana wa Ansab, mtaa wa hapa Maskati. Watu wake wametoka Unguja kama sisi, na nikimjua kutoka kwenye harusi. Tulikuwa mbali juu ya jangwa. Rubani mwenzake alishajaza akaenda zake. Mara mnara ukatuarifu kwamba vumbi limefunika viwanja vyote vya karibu. Uliobaki wazi ulikuwa kusini, na Nasir hawezi kuufikia bila ya mafuta yetu. Akikosa, itambidi aiache ndege na ajirushe kwa mwavuli ndani ya dhoruba.

Akajaribu, mrija ukapita kando. Akajaribu tena, ukagonga ukingo wa kikapu, bomba likatikisika mpaka tukalisikia sisi mbele. Sauti yake kwenye redio ilikuwa ya Kiingereza cha darasani, lakini pumzi zilikuwa za mtu anayezama.

Kapteni akanigeukia. "Unamjua?"

"Ni mtoto wa kwetu."

"Basi sema naye. Lugha yoyote."

Sheria ya redio ilikuwa Kiingereza tu. Nikabonyeza kitufe.

"Nasir, mwanangu. Ni mie, ami yako. Unanisikia?"

"Nakusikia, ami. Kikapu kinanikimbia."

"Kiache kikimbie. Rudi nyuma kidogo. Jana mlikula nini nyumbani?"

"Ati nini?"

"Nakuuliza mlikula nini."

"Wali wa nazi. Kwa bibi. Na papa."

"Papa mkavu?"

"Mkavu, ami." Nikasikia pumzi imeshuka.

"Haya, tazama bawa letu. Kikapu usikishughulikie. Nambie papa alipikwaje, na huku unakuja, pole pole."

Akaanza kunambia: ndimu, pilipili, bibi kagombana na mpishi. Katikati ya maneno mrija ukaingia. Taa ya kijani ikawaka mbele yetu. Mafuta yanapita.

Tulitua kusini sote. Nasir aliteremka, akanibusu kichwa. Mkuu wa Kikosi alinipigia simu kwa ukali kuhusu Kiswahili redioni. Kapteni akanipokonya simu akamwambia, "Amri ilikuwa yangu," na yakaisha.

Haikupita muda mrefu Nasir akaomba kuacha kurusha. Wako waliomwita mwoga. Sikumuona hivyo, wala sikumshawishi abaki. Aliyefika pale akarudi mzima ana haki ya kuchagua ardhi. Leo anasomesha chuoni, anakaa Al Khoudh.

Mie nimestaafu. Huulizwa kazi ile ilinifunza nini, na wanaouliza hutaka nitaje mitambo. Mitambo imeshabadilika yote. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyeshikwa na hofu hasikii maagizo mpaka kwanza asikie kwamba hayuko peke yake.

Idi iliyopita Nasir alikuja na wanawe kunisalimia. Tulipobaki wawili akaniuliza, "Ami, siku ile sauti yako ilikuwa imetulia vile. Hukuogopa?"

Nikamwambia kweli. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye kitufe, wa pili umeshika kiti, na tulipokwishatua ilibidi kapteni anibandue vidole, kimoja kimoja.

Akacheka mpaka akalia, na mimi pamoja naye.