Bao la Tundu la Wavu

Nimefundisha shule ya msingi hapa Songea kwa miaka mingi, na Jumamosi nachezesha mpira. Mimi ni mwamuzi wa ligi ya mkoa, yenye timu za vijijini zinazosafiri kwa lori na kubadilishia nguo darasani. Mechi iliyonitoa jasho kuliko zote ilikuwa Mpitimbi, wenyeji wakicheza na timu kutoka Peramiho. Wenyeji wakishinda, wanapanda daraja. Sare haikuwafaa kitu.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Watu walisimama hadi kwenye mstari, na nyuma ya goli moja wengine walisimama ndani ya shamba la mahindi. Kabla ya kuanza nilikagua nyavu. Zilikuwa zimechakaa, nikaomba zifungwe kwa kamba ya katani, nikaambiwa tayari. Sikurudi kuhakikisha. Hilo kosa ni langu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, bila bila, mshambuliaji wa wenyeji aliteleza na kuupiga mpira akiwa chini. Nilikuwa mbali, nimezibwa na mabeki. Nilichoona ni mpira kutulia ndani ya wavu. Nikapuliza, nikaonyesha katikati. Uwanja ukalipuka.

Kipa wa wageni akanijia mbio. "Mama, umepita pembeni! Wavu umetoboka!"

Nikamtazama msaidizi wangu wa upande ule. Alikuwa ameshusha kibendera. Nikamfuata.

"Umeona nini?"

"Watu walikuwa wamesimama mbele yangu," akanijibu kwa sauti ndogo. "Sijui, dada. Kweli sijui."

Mpira ukishaanzishwa tena, uamuzi haubadiliki, na wenyeji walikuwa wanausukuma kuelekea katikati ili uanzishwe upesi. Nikaamuru wasubiri. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikamwendea mfungaji mwenyewe. Nilimfundisha kusoma akiwa darasa la pili, kabla hawajahamia Mpitimbi. Wenzake walikuwa wamemkumbatia, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Mwanangu, nakuuliza wewe. Mpira umeingilia wapi?"

Akatazama wale watu waliokuwa wanaruka. Akajifuta matope usoni.

"Pembeni, mwalimu. Umepita kwenye tundu."

Nahodha wake akamvuta jezi. "We, una akili kweli?"

Nilipofuta bao na kuonyesha mkwaju wa goli, kelele zikageuka matusi. Watu wakaingia uwanjani. Kocha wa wenyeji, mzee mfupi mwenye koti la mvua, akawatangulia na kunyoosha mikono. "Kijana wetu amesema mwenyewe! Mnataka nini kwa mwamuzi? Rudini nyuma!" Walirudi kwa kunung'unika. Tukafunga lile tundu, tukamaliza mechi. Sare.

Niliingia darasani, nikaketi kwenye dawati la watoto. Nje niliwasikia wakimwita yule kijana msaliti, na nikaona mimi ndiye niliyemtwisha mzigo huo. Mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke amejifunga khanga kiunoni, miguu imejaa tope la shambani. Nikamtambua: mama yake. Nikasimama nimpokee, nikijua nimekwisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Nilikuwa nyuma ya goli pale. Nimeuona ule mpira kwa macho yangu." Akavuta pumzi. "Ulipomwuliza, moyo ulinidunda. Nikasema, Mungu wangu, huyu akidanganya mbele yangu nitamtazamaje? Hajadanganya. Basi nimekuja kukusalimia tu."

Machozi yalinitoka, naye akacheka, akanipiga begani kama mdogo wake.

Kwenye ripoti niliandika yote, pamoja na kwamba sikurudia kukagua nyavu. Nilitegemea viongozi wa ligi wangenifungia. Wakanipa onyo, na wiki mbili baadaye wakanipangia mechi nyingine. Kilichokuwa kinaninyima raha zaidi ni yule kijana, mpaka nilipokutana naye sokoni Songea, amebeba mche wa sabuni.

"Wanakusumbua bado?" nikamwuliza.

"Walinisusa siku tatu hivi, mwalimu. Halafu mazoezi yakakosa mtu wa kufunga, wakanifuata nyumbani."

Tulicheka hadi muuza dagaa akatugeukia. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa mwepesi, nikapika, na mchana ule nikalala usingizi mzito.