Mapipa Chini ya Shuka

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa mtunza stoo wa shule moja ya bweni, na sikuwahi kupokea gunia la mahindi yenye unyevu. Mkulima akishusha mzigo, nilichukua punje moja nikaitafuna. Ikilia "ka!" menoni, karibu. Ikisagika kimya kimya, anarudi na gunia lake, hata awe mjomba wangu. Na mjomba nilimrudisha kweli. Nasema haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Nilipostaafu tulipanga nyumba Migosi, mimi na mke wangu Milka, na huko ndiko hofu ilikonipata. Nilikuwa nimeona korona ikifunga masoko. Nilikuwa nimeona maji yakiingia kwetu Ahero, yakitoka, yakiingia tena. Nikaamua nyumba yangu iwe na chakula cha mwaka mzima. Milka alicheka. Kwetu ghala ni la mama wa nyumba, na mwanamume anayechungulia ghala hugeuzwa wimbo na wanawake. Nikamjibu kwamba akiba haiozi, nikaenda kununua mapipa matano ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza.

Mwezi wa kwanza nilileta magunia matano kutoka Katito, mahindi yaliyovunwa majuzi tu. Nilitafuna punje. Haikulia.

"Tuyaanike, Baba Debra," Milka alisema. "Uwanja ni mkubwa na jua ni ya bure. Siku tatu tu."

Uwanja ule ni wa nyumba nane. Nikawaona akilini majirani wakipita na kuyapima kwa macho, kisha siku ya njaa wamepanga foleni mlangoni kwangu. Nikakataa kabisa. Tuliyamimina mapipani tukiwa tumejifungia, nikakaza vifuniko, nikayapanga chumbani na kuyafunika kwa shuka la maua. Mtunza stoo mzima!

Mwezi wa nne mto ulivunja kingo zake, Ahero ikajaa maji. Dada yangu Seline akaja. Mama yetu alipofariki, Seline ndiye aliyenilea; aliacha shule darasa la sita ili mimi nisome, na kila jioni alinipakulia kwanza, halafu yeye akakwangua sufuria. Sasa aliketi pembeni mwa kochi langu, matope yamemkaukia magotini, akijikunja asilichafue.

"Owadwa," aliniita, yaani ndugu yangu, "tunalala kwa darasa, mimi na wajukuu wanne. Kama uko na gorogoro moja tu ya mahindi, nipatie nikapikie watoto."

Gorogoro moja! Mkebe wa kilo mbili! Nyuma ya ukuta ule nilikuwa na zaidi ya mia mbili. Lakini nikawaza: nikimpa moja atarudi, na akirudi kambi nzima ya waliokimbia mafuriko itajua.

"Nyumba haina kitu, Seline," nikasema. "Hata sisi tunasukuma tu."

Milka aliinuka akaenda jikoni bila kuniangalia. Seline alinishika mkono. "Woi, pole sana," akasema. Pole hiyo nilipewa mimi. Aliondoka, na kabla hajafika barabarani aibu ilikuwa imenijaa mpaka masikioni, ila sikumwita arudi. Hilo ndilo siwezi kujisamehe.

Wiki tatu baadaye chumba kikaanza kunuka. Nilifungua pipa la kwanza, joto likanipiga usoni. Mahindi yalikuwa yameshikana mabonge, ya kijani na meusi. La pili vivyo hivyo, mpaka la tano. Mahindi ya namna hiyo hata kuku hapewi, ni sumu. Nikarudisha shuka, nikakaa kitandani. Milka alisimama mlangoni, na ningeshukuru kama angenisuta.

Tukiwa hivyo hodi ikapigwa. Alikuwa Seline, ana kifurushi ndani ya leso.

"Nimewaletea kidogo," alisema. "Tangu useme hamna kitu, hata usingizi sipati vizuri. Wametugawia kule kambini, nikaweka yenu kando." Akaifungua leso mezani. Mahindi, gorogoro moja nzima.

Sikuweza kumtazama. Yeye akanusa hewa. "Na hii harufu ni ya nini?"

"Panya," nikasema. "Lazima amefia chumbani." Naam, nilidanganya tena, na mahindi yake yako pale mezani.

"Wewe na panya! Tangu utoto unawaogopa. Wacha nikutolee."

Akaingia kabla sijainuka. Nilimkuta ameshika ncha ya shuka. Alitazama mapipa, moja baada ya jingine, akachota bonge, akalivunja kwa vidole na kulinusa. Nilisubiri matusi. Niliyahitaji.

"Ungeanika tu, owadwa," alisema.

Akaenda jikoni kunawa, akazungumza na Milka kidogo, akaaga. Nilichukua ile leso na mahindi yake nikamfuata mbio hadi getini nimrudishie. Majirani walikuwa wakitutazama, na safari hii sikujali.

"Beba, Seline. Tafadhali. Peleka kwa watoto."

Alinitazama kama alivyonitazama nikiwa na miaka saba. "Na wewe na Milka mtakula nini?" akauliza. Akaondoka.

Jioni Milka aliyaosha mahindi yale ayachemshe na maharagwe. Kabla hajayatia sufuriani niliokota punje moja nikaitafuna. Ikalia "ka!" Ilikuwa kavu kuliko punje yoyote niliyopokea stooni kwa miaka yote ile.

"Ameniambia aliyaanika siku tatu," Milka alisema, akiwa amenipa mgongo. "Kwa turubai, katikati ya uwanja wa shule. Kambi nzima ina njaa, na hakuna mtu aliyegusa hata punje."