Kipande cha Pili cha Kanga

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilipokea picha kwa posta hapa Maskati. Aliyeituma ni mwanamke mwenzangu niliyempenda miaka minne, mbele za watu tukijiita marafiki, mpaka alipohamia Uholanzi. Nyuma ya picha kaandika kuwa yeye na mwanamke mwengine wameoana. Serikali imewapa cheti, na sasa hospitalini akiulizwa, "Huyu nani wako?" anajibu, "Mke wangu."

Cheti ningekivumilia. Kilichonikata maini ni kanga. Tulinunua doti moja sokoni Matrah, tukaitenganisha, kila mmoja akabaki na kipande chake. Changu nilikuwa nikikilalia. Chake, pichani, kilikuwa mabegani mwa yule mke, na mabega yenyewe mapana kama ya mchukuzi.

Mama akaingia na kahawa, akaiokota picha kabla sijaificha. Rafiki yangu yule mama alimjua vizuri, kala kwetu mara ngapi!

"Kanenepa, mashallah. Na huyu aliyemshika mkono nnamjua?"

"Humjui, mama. Rafiki yake tu."

Nilijibu upesi, wala sauti haikutetemeka. Neno hilohilo watu walitubandika sisi miaka yote, nami kila nikilisikia nikitamani kulia. Siku hiyo nilimbandika mwanamke mwenye cheti chake mkononi, nikamvua ndoa yake mbele ya mama yangu, na roho yangu, astaghfirullah, ikaburudika.