Kichupa cha Emojong'

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kituo cha kukagua mifugo Malaba, nilimkuta Emojong' ameshavaa koti jeupe. Tuliajiriwa siku moja kwa barua zinazofanana, lakini yeye aliwahi na kupewa meza ya dirishani. Nilimwonea wivu kabla hatujasalimiana. Nawaambia haya ninyi vijana wa maabara ili mjue kwamba wivu wangu haukuanza na jambo kubwa.

Kazi yetu ilikuwa kuwatoa damu nguruwe waliovushwa kutoka Uganda. Mimi niliutafuta mshipa mpaka nguruwe akachoka na mimi. Emojong' aliupata kwa mchomo mmoja. Wafugaji wakamwita daktari, mimi wakaniita dada wa koti, nami nikatamani siku moja mshipa umkwepe na yeye.

Baadaye tulihamishiwa Busia pamoja, chini ya Mkuu wa Maabara, mama mkali tuliyemwita madam. Yeye ndiye aliyetufundisha kuotesha virusi vya homa ya nguruwe ndani ya seli hai, kwenye kabati la joto, na kuchota kidogo kila baada ya saa kadhaa ili kuona ni protini zipi zimeshatengenezwa.

"Hii virusi haitoi kila kitu mara moja," alituambia. "Inaingia na vifaa vyake vya kusoma jeni za mapema. Hizo zinatuliza seli na kuandaa kazi. Jeni za mwisho, zile za kutengeneza ganda, zinangoja mpaka ijinakili kwanza. Nani hununua mabati kabla ya kuchimba msingi?"

Akatupa jaribio, kila mtu na sahani zake mbili za seli. Moja iachwe hivyo hivyo, nyingine iwekwe dawa ya kuzuia virusi visijinakili. Dawa iingie ndani ya saa ya kwanza. Ikiingia, protini za ganda hazitaonekana kamwe kwenye sahani hiyo. Atakayefanya vizuri angepelekwa masomoni, na hata mfagizi alijua ni Emojong'. Roho iliniuma.

Siku hiyo Emojong' alipima dawa yake kwenye kichupa, kisha akaitwa langoni na mfugaji. Aliporudi alifunga kabati, akaandika kwenye daftari kwamba ameweka dawa. Kichupa kilikuwa bado mezani, kimejaa. Nilikiona. Saa ya kwanza ilikuwa haijaisha, na neno moja lingetosha. Nilikichukua, nikamwaga dawa na kukitupa kwenye ndoo ya taka.

Protini za ganda zikaonekana kwenye sahani yake ya dawa. Emojong' akaapa kwamba aliweka dawa. Madam akakitafuta kichupa, ambacho kikiwa kimejaa kingeonyesha kwamba alisahau tu, akakikosa, akamwita mwongo mbele yetu sote. Mimi nikaenda masomoni. Yeye akaacha kazi, akarudi kwao Kocholia.

Nilipanda vyeo, nikasimamia maabara ile ile. Lakini kila sampuli iliyotoka Kocholia ilikuja na mwandiko wake, kwa maana wafugaji wa huko walimwita yeye tu, na bado walimwita daktari. Nilizipokea nikiwa nimekunja uso. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshaota ndevu.

Mwezi uliofuata kustaafu kwangu nilikwenda kwake. Nilimkuta uani akijiandaa kumtoa damu nguruwe wa jirani. Nikamweleza habari za kichupa, zote, bila kujitetea.

"Madam aliniita mwongo mpaka na mimi nikaanza kujishuku," alisema. "Kwa kutoa damu tu ndio nilibaki naamini hii mikono. Ungesema hiyo saa, dada, dawa ingeingia."

"Ndiyo," nikasema.

Hakunifukuza. Alimwomba mkewe aniletee kiti, akainama na sindano. Akachoma, mshipa ukamkwepa. Akachoma tena, ukamkwepa. Jirani akamtazama kwa mshangao, nami nikiwa nimekaa pale nikaona kile nilichokitamani tangu Malaba.