Wasifu wa Kocha Henki ulimsahau mkewe, nikaukalia udongo wa kaburi

Wakuu,

Wa umri wangu humu ndani nawasalimu kwa heshima, na ninyi wengine marahaba hata kama hamjaniamkia. Ninayoandika niliyaona mwenyewe. Watu wa Mlali, kijijini kwetu, wapo, na wengine wamo humu humu, nikitia chumvi watanisuta.

Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkikuta nimekosea mnivumilie.

Kocha Henki alikuwa Mholanzi. Kwao alikuwa mchezaji mkubwa kweli kweli, winga wa kushoto wa timu ya taifa, na alipoacha kucheza akafundisha timu za huko Ulaya zenye viwanja vya taa. Sisi hayo hatukuyajua. Tulimjua mzungu mwenye magoti mabovu aliyekuja na watu wa kuchimba visima.

Visima vikaisha, wenzake wakaondoka. Yeye siku hiyo alikuwa amesimama karibu na mnadani anaangalia vijana wanacheza. Kesho yake akaja na filimbi.

Hakuondoka tena.

Timu yake ya kwanza ilikuwa hivi. Golini Lameki Chilongani. Nyuma Yona Sakalani, Daudi Mbeleje, Musa Chibago na Petro Lugendo. Kati Elia Malogo, Hamisi wa Mzee Juma muuza vitenge, na Stefano Chedego. Mbele Ezekieli, Amosi mdogo wake, na Simoni Ndahani, ambaye ndiye mwenyekiti wa timu leo. Mshikeni huyo Ndahani, nitarudi kwake.

Sasa, watu wa visima walikuwa na mpishi, mwanamke wa Ihumwa anaitwa Yudita Masaka. Alipanga jirani na mimi, ukuta kwa ukuta. Kazi ilipoisha Yudita akarudi kwao, na Kocha akawa anatembea hapa kama mtu aliyepoteza mbuzi.

Mwishowe akaniomba nimsindikize Ihumwa kwa kaka zake. Nilikwenda. Walimkalisha kwenye kigoda, yule mtu mrefu, magoti yamefika kidevuni, na wakubwa wakaongea kuanzia asubuhi hadi jua la kichwani. Hakunyanyuka hata mara moja. Ng'ombe zilipelekwa, zikapokelewa, pombe ikanywewa.

Kanisani hawakufunga ndoa. Kocha alikuwa na ndoa ya kwao iliyovunjika, na karatasi za kuthibitisha hazikufika. Baadaye wakazoea, nasi tukazoea. Mtoto hawakujaliwa. Wakaishi hivyo mpaka nywele za Yudita zikawa nyeupe kama za Kocha.

Mwaka huu baada ya mavuno Kocha akafariki. Moyo. Alikuwa amekaa barazani anachambua mlenda na mkewe. Alishasema azikwe pale pale nyumbani, basi kamati ya timu ikasimamia msiba. Mwanawe wa ile ndoa ya kwao, anaitwa Martini, akaja kutoka Uholanzi. Kiswahili hajui, akapewa mkalimani, mama mmoja wa mjini anaitwa Anitha.

Hapa ndipo penye kosa, wakuu, na kosa lenyewe nina fungu langu.

Siku moja kabla ya kuzika, Ndahani alikuja na wasifu wa marehemu akatusomea wazee pale msibani. Ulikuwa umetolewa kwenye mtandao. Ulikuwa mzuri mno. Alizaliwa mji gani, alicheza wapi, fainali aliyofika akashindwa, timu alizofundisha, tuzo. Halafu mwisho: "Baada ya hapo alistaafu na kuishi Tanzania. Ameacha mtoto mmoja, Martini."

Basi.

Ndahani akauliza kama kuna la kuongeza. Mimi moyoni nilijua. Lakini karatasi ilikuwa imechapwa, ina picha ya marehemu akiwa kijana, ina maneno ya Kizungu, nikaona nani mimi wa kuisahihisha. Nikanyamaza. Wote tukanyamaza. Yudita alikuwa ndani na wanawake, hakusikia.

Usiku ule nikapata habari nyingine kwa mke wa Ndahani. Kamati imepanga nyumba ya Kocha iwe ofisi ya timu, vikombe na picha zake zikae humo. Nikauliza Yudita je? Akasema si atarudi kwa kaka zake.

Sidhani Ndahani alikuwa na roho mbaya. Alimpenda Kocha kuliko baba yake. Alitaka tu azikwe kama mtu mkubwa, na kwenye ukubwa ule hakuona pa kumweka mama anayechambua mlenda. Lakini mnajua kwetu. Asiyetajwa kwenye wasifu, kesho yake anaulizwa anafanya nini pale ndani.

Siku ya kuzika wasifu ukasomwa vile vile. Watu wakapiga makofi kwenye habari za fainali. Tukaenda kaburini, na jeneza likiwa bado juu wakaanza kuita kwa mpangilio wa kutupa udongo. Mtoto wa marehemu. Uongozi wa timu. Wachezaji wa zamani. Majirani.

Yudita akasimama na majirani.

Mimi ni Mhehe niliyeolewa Ugogoni, na sisi na Wagogo ni watani. Kocha walishamfanya Mgogo siku nyingi. Mtani msibani ana ruhusa yake. Kabla mtoto hajasogea, nikachukua chepe lao nikaukalia ule udongo. Nikawaambia hazikwi mtu hapa.

Watu wakacheka, walijua ni utani wa kawaida.

Ndahani akanijibu kwa ule utani wao kwamba Wahehe tunakula mbwa, "Mpeni mbwa wake huyu Mhehe atuachie chepe, jua linawaka."

Nikamwambia mbwa nitamla baadaye, kwanza anijibu. "Ndahani, ukifunga goli, Kocha alikuwa anakuuliza nini?"

Kicheko kikapungua. Akajibu taratibu, "Nani kakupa mpira."

"Na miaka yote aliyokaa Mlali, yeye mpira alikuwa anapewa na nani?"

Basi nikaanza kutaja. Jezi za kwanza alizishona nani kwa mkono. Nani alimkanda magoti kila masika. Nani alikwenda kwa mama yake Lameki kumwomba kijana aruhusiwe kucheza. Ndahani mwenyewe alipougua tumbo, uji alinyweshwa na nani.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, karatasi imeshachapwa."

"Kalamu je, zimekatazwa?"

Martini akawa anamuuliza Anitha kuna nini. Akaelezwa. Akamtazama Yudita, kisha akasema, na Anitha akatufasiri, kwamba baba yake alimwambia yupo mtu wa kumpikia.

Wakuu, pale ndipo nilipomkasirikia marehemu. Mpaka leo hasira haijaisha yote.

Yudita hakulia. Akasema, "Ni kweli nilimpikia. Nilipovunjika mguu yeye ndiye alinipikia miezi mitatu, na hakujua kusonga ugali. Tulikula uji mzito."

Martini akasikiliza tafsiri. Akauliza baba yake alikuwa anaumwa goti lipi.

"La kulia likitaka kunyesha," Yudita akasema. "Baridi ikija, yote mawili."

Yule mtoto akacheka, huku machozi yanamtoka. Akamwambia Ndahani aandike. Mchungaji akatoa kalamu. Ndahani aliandika karatasi ikiwa juu ya jeneza la kocha wake, kisha akausoma wasifu wote upya toka mwanzo, na hakuna aliyelalamikia jua. Mwisho akasoma: "Ameacha mke, Yudita Masaka, na mtoto mmoja, Martini."

Nikanyanyuka, jeneza likateremshwa, nikamkabidhi Yudita udongo wa kwanza.

Nyumbani bado yupo. Martini kabla ya kuondoka alikwenda kusema abaki humo, mbele ya mtendaji wa kijiji. Timu inatafuta ofisi kwingine, na Ndahani huwa anapita jioni kumsalimia, anamwita mama.

Nililojifunza ni kwamba niliulizwa mapema, kwa upole, ndani ya nyumba, nikaogopa karatasi. Nikaja kusema kaburini kwa kukalia udongo, na mama wa watu akaieleza ndoa yake mbele ya umati. Ningesema jana yake asingepitia hayo. Ukiulizwa kama kuna la kuongeza, na lipo, sema.

Karibuni mchangie. Kama kwenu yupo aliyeachwa nje ya wasifu, mwandikeni hapa chini, jina lake lote na alikuwa nani kwa marehemu.

Mimi naanza. Yudita Masaka, mke.