Alama Nyekundu kwenye Bodi ya Ndege

Tak. Tak-tak. Tak. Hiyo ndiyo sauti iliyomlea: vitufe vya mashine za gemu katika ukumbi wa baba yake. Akiwa na miaka tisa alipewa kazi ya kubonyeza kila kitufe kabla mlango haujafunguliwa. Baba akambandika jina la Kitufe, na jina likaganda.

Sasa ana miaka hamsini na mbili, ni fundi wa redio na feni, na jina hilo halina wa kulitamka. Ukumbi ulishakufa, mashine zikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Baba anashinda kwenye kiti cha sebuleni, hamjui tena aliye mbele yake. Hata Kitufe, bintiye wa kumzaa, mzee humsalimu "habari yako, dada", kwa adabu zote, kama mtu aliyekutana naye kwenye foleni.

Lakini vidole vyake havijasahau. Siku nzima vinacheza juu ya kiti, kushoto, kulia, kana kwamba bado anairusha ndege yake ya kwenye gemu. Hapo ndipo Kitufe alipopata wazo. Chini ya kitanda zilibaki bodi mbili za mashine zile, vibao vya umeme vinavyobeba gemu, kimoja cha magari na kimoja cha ndege. Akiziunganisha na televisheni ya nyumbani, baba akaiona ndege, huenda akamwita jina lake. Mara moja tu. Hakutaka zaidi.

Kazi ilimla wiki sita. Bodi za gemu hutoa rangi kwa nguvu ambayo televisheni haiwezi kuimeza, kwa hiyo akalehemu rizista ya kuipunguza kwenye kila waya: mwekundu, wa kijani, wa buluu. Ishara mbili zinazoishika picha isikimbie akazikutanisha kwenye transista aliyoing'oa kwenye redio mbovu. Akaijaribu kwanza bodi ya magari.

"Mke wangu, hii picha inaviringika kama nguo kwenye mashine ya kufulia."

"Wewe shika tochi, ufunge mdomo."

"Nikiufunga, nitakucheka kwa wapi?"

Akabadilisha rizista moja. Picha ikatulia tuli. Mumewe akaacha kucheka, akapiga makofi. Baba akayatazama magari, akapiga miayo.

Ikabaki ndege. Pembeni mwa bodi hiyo palikuwa na alama ya rangi ya kucha, nyekundu, aliyoipaka baba mwenyewe: upande huu juu. Bodi ya magari ilikuwa haijawahi kufungwa kwenye mashine, haikuwa na alama, naye aliichomeka kwenye soketi yake mpya kwa kufuata mchoro wa nyaya. Hii hakuifungulia mchoro. Baba alikuwa ameshasema.

"Baba, tazama ndege yako." Akawasha.

Televisheni ikabaki nyeusi. Kwenye bodi ukapanda moshi mwembamba. Alichomoa waya kwa pupa, lakini chipu kubwa ilikuwa imeshapasuka katikati.

Ndipo alipokumbuka. Mwaka wa kwanza wa ukumbi, baba alikosea akafunga soketi za mashine zote juu chini. Badala ya kuzifungua upya, akazipaka bodi alama ili nazo ziingie kichwa chini. Alama ile ilisema kweli kwenye ukumbi ule tu. Kwenye soketi ya Kitufe, iliyofungwa inavyotakiwa, iliupeleka umeme wa volti kumi na mbili mahali pa volti tano.

"Si utabadilisha chipu?" mumewe akauliza, safari hii bila mzaha.

"Gemu lenyewe lilikuwa humo ndani. Nitalitoa wapi?"

Harufu ilimfikia mzee. Vidole vikasimama. Akainama kuelekea kwa mwanamke aliyechuchumaa mbele ya televisheni, akamtazama kwa muda mrefu, hadi Kitufe akamsogelea, akilisubiri jina lake.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe ndiye fundi waliyemwita?"

Kitufe akajifuta mikono kwenye sketi, kidole kimoja kimoja. Kisha akajibu, kwa sauti ambayo hata mumewe aliyekuwa kando yake hakuisikia:

"Ndiyo, mzee."